Koti la Antoni

Mume wangu, Felician Akonaay, alizaliwa Nambis, akafanya kazi ya ufundi katika mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, akarudi kuzikwa Nambis kando ya baba yake. Alikuwa mtu wa kawaida. Hakuwahi kuongoza chochote isipokuwa karakana, na hata huko alipenda zaidi kulala chini ya kombaini akiwa na spana kuliko kukaa kwenye kiti. Lakini aliwahi kuishi Kanada msimu mmoja wa baridi, na aliporudi hakufika nyumbani moja kwa moja. Basi watu wamejiongezea yao. Wapo wanaosema baridi ilimharibu akili. Wapo wanaosema aliwaroga Wazungu waliompokea. Juzi, kwenye harusi ya jirani, nilimsikia kijana ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa akisimulia habari hizo kana kwamba alikuwa amekaa chini ya meza yetu.

Mimi nilikuwepo. Nimesoma, naweza kuandika, na jina la Akonaay ndilo walilo nalo watoto wangu. Kwa hiyo nitaeleza yalivyokuwa.

Nianze na jambo moja la utoto wake, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Felician alikuwa wa umri wa kuchunga ndama wakati mdogo wake aliyekuwa ananyonya alipofariki. Baba yake, Mzee Akonaay, alikuwa amebatizwa, tena kati ya wa kwanza katika kilima chao. Hata hivyo msiba ulipoingia, nyumba yake ilitengwa kama nyumba yoyote ya Wairaqw. Hali hiyo sisi tunaiita metimani. Jirani haingii kwenu wala ninyi hamwingii. Hamchoti maji pamoja, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa wengine, kibuyu chenu hakiguswi. Inaweza kuwa mwaka. Mwisho wake watu wanakuja, mnaoga, mnakula pamoja, na yamekwisha. Felician aliniambia kuwa mwaka ule alicheza peke yake upande huu wa korongo na wenzake wakicheza upande wa pili, wakirushiana maneno.

Serikali baadaye iliipiga marufuku metimani, na mapadri walikuwa wameikemea kabla yake. Mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu, nilifundisha darasani kwamba inawazuia watu kupeleka wagonjwa hospitali, na ni kweli ilikuwa inawazuia. Felician alinisikiliza nilipokuwa naandaa somo lile, akasema tu, "Mwalimu, umesema vizuri." Kisha akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mashamba ya ngano yalipofunguliwa kule tambarare, wafugaji waliokuwa wakilisha pale waliambiwa wasogee, na matrekta yakaingia. Felician alishuka kutoka Nambis kutafuta kibarua. Alianza kwa kubeba magunia, akaishia kuwa mtu anayeitwa kila kombaini inapokohoa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Wakanada waliokuwa wakisaidia mashamba yale wakachagua mafundi wachache wa kwenda kwao kujifunza majira yote ya baridi, wakati mashine za kule zinapofunguliwa na kutengenezwa. Atakayerudi na cheti angekuwa fundi mkuu. Felician alichaguliwa, na pia kijana mmoja wa Masakta aitwaye Joakimu. Mimi niliruhusiwa kwenda na mume wangu kwa sababu nilikuwa na Kiingereza. Yeye alikuwa nacho cha vipuri tu: gia, beringi, breki.

Tulimwacha binti yetu Efrazia kwa bibi yake, mama mkwe wangu Kornelia. Mama alitusindikiza hadi barabarani, akamtazama mwanawe juu hadi chini, akasema, "Usirudishwe kama debe lililotoboka." Hayo ndiyo yalikuwa maagano.

Tulifika Novemba. Mzee aliyetupokea aliitwa Hermani, mkulima wa ngano, mtu mrefu aliyeinama kidogo. Felician alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Anasemaje?" mzee akaniuliza.

"Anakupa heshima ya umri wako. Unatakiwa kujibu marahaba."

"Marahaba," akasema Mzee Hermani kwa uangalifu, kama mtu anayeonja dawa. Tangu siku hiyo kila asubuhi alisimama chini ya ngazi akiisubiri shikamoo yake.

Njiani kwenda kwake kila kitu kilikuwa cheupe na tambarare. Ilikuwa kama tambarare ya kwetu ya ngano, isipokuwa hapakuwa na mlima. Felician aligeuka nyuma, akageuka kushoto, akageuka tena. Nikamuuliza anatafuta nini. "Hanang," akasema. "Mtu anajuaje yuko wapi hapa?"

Mlangoni tulipokewa na mke wa mzee, Mama Juliana. Alimwona Felician akitetemeka ndani ya koti la suti yake ya harusi, akaenda moja kwa moja kwenye misumari ya ukutani, akatoa koti kubwa la rangi ya udongo lenye manyoya kofiani, akamvika mwenyewe kama mtoto. Lilimkaa sawasawa, mabegani na mikononi.

"Hermani! Ona! Limemkaa!"

Felician akanitazama akicheka. "Mama Efrazia, wamejuaje kipimo changu?" Akatia mkono mfukoni, akatoa punje za ngano. Akazidi kucheka. Kwa fundi wa ngano, hiyo ilikuwa kama kukaribishwa kwa jina.

Mama Juliana akasema kwa sauti ndogo, nami nikatafsiri huku akisema, kabla sijasikia vizuri nilichokuwa nakisema: "Ni la mwanangu, Antoni. Alifariki Juni. Walikuwa wanatoa ngano ya zamani kwenye ghala, akaingia kuisukuma, ikamfunika."

Felician alizirudisha zile punje mfukoni, moja moja. Akalivua koti. Hakulitupa, wala hakukunja uso. Alilitundika pale lilipokuwa. Kisha akaniuliza kwa Kiiraqw maji ya kunawa yako wapi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Chumba tulichopewa ghorofani kilikuwa cha Antoni. Kulikuwa na vikombe vyake vya michezo na picha yake akiwa juu ya trekta. Felician hakuweza kukaa humo. Alikuwa akisimama dirishani, anashuka, anapanda, anakwenda kuitazama njia iliyojaa theluji, anarudi. Kila asubuhi alivaa sweta mbili na koti la harusi juu yake, akatembea hadi chuo cha ufundi akiwa amejikunja kama mundu. Mama Juliana alimfuata mlangoni: "Koti! Mwambie achukue koti!" Yeye alisema asante, asante, huku akirudi kinyumenyume.

Chakula nacho kikawa tatizo. Aliomba kikombe kimoja na sahani moja viwe vyake, akaviosha mwenyewe na kuviweka dirishani, mbali na vya wenyeji. Alikula amesimama, karibu na mlango. Nikamwambia tulipokuwa peke yetu, "Baba Efrazia, unatutia aibu. Sisi ni watu waliolelewa."

"Ndiyo maana," akasema. "Mtoto wao amekufa hata mwaka haujaisha. Mimi nimeingia kwao, nimevaa nguo yake, nimelala kitandani kwake. Halafu nirudi nimshike Efrazia kwa mikono hii?"

"Hawa ni Wazungu. Hawana metimani."

"Kifo wanacho."

Mimi niliyesoma zaidi yake nikazima taa.

Kilichomshangaza zaidi ni majirani. Walikuja karibu kila siku na magari yao, wamebeba keki. Walikaa sebuleni, wakamwambia Mama Juliana kwamba sasa imetosha, atoke, aende kwenye chakula cha jioni cha kanisa, aende kucheza karata, Antoni asingependa kumwona hivi. Mama Juliana alitabasamu na kukata keki. Wakiondoka alikuwa anakaa kwenye ngazi na sahani magotini, hali wala hasemi.

"Hawa wametoka wapi?" Felician aliniuliza, akichungulia.

"Ni majirani. Wanamfariji."

"Kwa kumtaka acheke? Kwetu hata mbwa angeachwa apumzike."

Akaanza kuuliza chuoni kama kuna nyumba nyingine. Mkuu wa mafunzo, Mkanada mwenye sura ngumu ila si mtu mbaya, akajibu hakuna nyingine katika mji ule mdogo iliyokubali kupokea mke na mume. Koti jingine tusingeweza kununua kabla ya Krismasi, ambapo posho ingeanza. Felician akasema ataendelea na la harusi. Mikono yake ikaanza kupasuka, spana zikawa zinamponyoka.

Jumapili moja Joakimu akaja kutembea. Yeye alikuwa amepangiwa nyumba ya vijana wenzake, mwenye afya tele, amevaa kofia ya sufu yenye kifundo juu.

"Shikamoo, kaka. Shikamoo, shemeji. Ah! Kaka Felician, mbona unakula mlangoni kama kuku? Umefukuzwa?"

"Kaa kimya, Joakimu."

"Na hilo koti la harusi! Bibi harusi ndiye huyu hapa, amekwisha kuchoka na wewe, livue." Akacheka mwenyewe. Alipoona koti la Antoni msumarini, kimo cha Felician kabisa, na picha ya yule kijana ukutani, akaelewa. Alikuwa Mwiraqw kama sisi. Kicheko kikakatika, akasogea kutoka kwenye kiti alichokuwa amekaa, akabaki amesimama. "Kumbe ndivyo," akasema. "Sasa utawaambia nini hawa?"

Wakati huo huo Mzee Hermani akaingia kutoka nje, akaona watu watatu wamesimama jikoni kwake hakuna anayetaka kukaa. Akauliza kuna nini. Kabla sijafungua mdomo Joakimu akajigonga kifua na kusema kwa Kiingereza chake, "Felician, kifua. Kikohozi. Hataki kuwaambukiza." Akaniangalia kama mtu aliyetuokoa, akavaa kofia, akaondoka hata chai hakunywa.

Matokeo yake Felician akapelekwa hospitali kupigwa picha ya mapafu. Akakutwa mzima kama jembe jipya. Mkuu wa mafunzo akatuita.

"Si mgonjwa. Basi ni nini? Mama wa watu amempa koti la mwanawe, analikwepa kama nyoka. Hataki kula naye. Anataka kuhama. Nje sasa baridi inaua, na siwezi kumpeleka kwenye mashine akiwa na suti. Wiki ijayo tunaanza kazi za nje. Ama akae katika nyumba ile kama mtu, na avae, ama nimkatie tiketi arudi kwao."

Nilitafsiri. Felician akasikiliza, mikono imepasuka imelala magotini. Tulipotoka akatembea mbele yangu haraka sana, akateleza, akainuka, akaendelea bila kujipangusa.

"Wataniita debe lililotoboka," akasema.

"Basi vaa hilo koti! Nani atajua Nambis?"

"Mimi nitajua. Na wewe."

Nikamwambia basi tuzungumze nao, ila tuseme ni desturi ya kimila tu, tusiingie ndani. Sikutaka Wazungu wafikiri tumetoka porini. Nilikuwa nimevaa viatu vya visigino siku tunapanda ndege kwa sababu hiyohiyo.

Lakini hatukupewa nafasi ya kuchagua namna. Jumamosi, tulipoingia jikoni, Mama Juliana alikuwa ameweka sahani nne mezani. Kile kikombe cha dirishani hakikuwepo. Mzee Hermani alikuwa amekaa akiangalia mikono yake.

"Muulize mumeo," Mama Juliana akaniambia, shingo imekuwa nyekundu. "Muulize, sisi ni wachafu? Nafua kila siku. Nimepiga deki sakafu hii kwa magoti miaka thelathini. Nina nini mimi hata asile nami?"

Felician alikuwa ameelewa bila mimi. Alivuta kiti, lakini hakukaa. Alishika mgongo wa kiti.

"Tafsiri kila neno," akaniambia. "Usilainishe."

"Baba Efrazia..."

"Kila neno. Mwambie, mama, shikamoo. Mwambie si uchafu. Kwetu mtoto akifa, nyumba yake inatengwa. Walitutenga sisi mdogo wangu alipokufa. Hakuna jirani aliyeingia kwa mama yangu mwaka mzima. Hapa nimekuta watu wanaingia kama sokoni, sijui nishike lipi. Nina mtoto nyumbani. Naogopa kumpelekea kifo cha mtoto wako. Mwambie hivyo."

Nilisema yote. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Nilingoja Mama Juliana akasirike au atuonee huruma; la pili ningelichukia zaidi.

Alivuta kiti chake akakaa. "Mwaka mzima?"

"Mwaka."

"Hakuna anayekuja na keki?"

Nilipomtafsiria, Felician alishtuka. "Keki? Hakuna. Nani angethubutu?"

"Na hakuna anayekuambia utoke ukacheze karata."

"Wanakaa mbali. Wanakuona kwa mbali, wanajua."

Mama Juliana akamgeukia mumewe. "Umesikia, Hermani? Wanajua." Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, kilitoka kama kitu kilichokuwa kimekwama, lakini tangu tufike hatukuwa tumemsikia akicheka.

Mzee Hermani akauliza la kwake: "Na maji ya ng'ombe je? Mwaka mzima nani anawasaidia?"

"Mnanyweshea peke yenu, saa yenu," Felician akajibu. "Ni kazi. Sisemi ni raha."

Chakula kilikuwa kinapoa. Ndipo Mama Juliana akauliza swali ambalo mimi, pamoja na shule yangu yote, sikuwahi kulifikiria.

"Na mtu akiingia katika nyumba ile bila kujua? Mgeni. Ameshaingia. Ameshalala. Yeye ni wa upande gani?"

Felician akatoka, nikamwona dirishani akizunguka ghala la zana, anakwenda, anarudi, bila kofia. Nilijua anawauliza watu ambao hawakuwepo: baba yake, wazee wa kilima. Mzee Hermani akataka kumfuata, mkewe akamshika mkono. "Mwache."

Aliporudi nywele zake zilikuwa nyeupe kwa theluji.

"Aliyekwisha kuingia ameingia," akasema. "Hawezi kusimama mlangoni. Ni wa ndani. Waliotengwa wanakula pamoja, maana hawana wengine wa kula nao." Akanitazama. "Nimekosea hesabu tangu siku ya kwanza, Mama Efrazia. Nilijitenga na wa ndani badala ya wa nje."

Akakaa. Akala. Viazi vilikuwa vimepoa kabisa. Jumatatu akavaa koti la Antoni akaenda kazini, na mkuu wa mafunzo akafikiri kitisho chake ndicho kilichofaa.

Hapo ndipo yalipotokea mengine, ambayo Joakimu alikuja kuyapeleka Masakta na Nambis yakiwa yamevimba. Chuoni Felician aliacha kupeana mikono na watu. Alileta chupa yake ya chai na sanduku lake la spana, akaomba asikopeshwe kitu wala asikope. "Kaka, sasa umehamia upande wa pili kabisa!" Joakimu alimpigia kelele kutoka mwisho wa karakana. "Umevaa maiti!" Na Felician akamjibu, "Basi usinikaribie, mdogo wangu, uko salama," akaendelea kufungua gia.

Nyumbani, Mama Juliana akazima taa ya barazani. Gari la kwanza la keki lilipokuja, Mzee Hermani alitoka hadi njiani akazungumza na waliokuwemo, akarudi peke yake. Hatukumwambia afanye hivyo. Wiki iliyofuata yalikuja magari mawili, kisha hakuna. Mjini wakaanza kunong'ona kwamba wageni wa Kiafrika wamewashika wazee wale. Mchungaji wao akaja kuulizia. Mama Juliana alizungumza naye mlangoni kwa heshima zote, bila kumkaribisha, akamwambia, "Tuko kwenye msiba. Juni tutakuja." Akafunga mlango, akarudi jikoni akikunja mikono ya sweta. Mchana huo alifungua kabati la Antoni, na mimi nikamsaidia kukunja nguo. Tulikuwa tukikunja na yeye akizungumza kuhusu mwanawe, kwamba alikuwa mvivu wa kuamka, kwamba alimwibia sigara baba yake. Hakuna aliyekuja kumkatiza.

Wanaosema uchawi, waseme. Mimi niliona mama akiachwa afiwe.

Nisiseme tulitulia. Felician hakutulia msimu ule wote. Alihesabu kinyumenyume: mafunzo yangekwisha Aprili, na mwaka wa Antoni ungekwisha Juni. Alipokuwa akisafisha theluji mlangoni alikuwa akiniuliza, "Katikati ya hapo tunafanyaje?" Nilikuwa namwambia tutaona. Alikuwa akipiga koleo chini. "Mwalimu, hilo si jibu."

Aprili akapata cheti. Mzee Hermani alisimama chini ya ngazi kwa mara ya mwisho. Mama Juliana akamfunga Felician vifungo vya koti lile, ingawa theluji ilikuwa inayeyuka na jua linachoma. Hakuna aliyelia mbele ya mwingine. Felician alipenda hilo kwao.

Shamba lilimpa ufundi mkuu kama walivyoahidi. Alichosema siku ya kwanza ni kwamba hawezi kwenda Nambis bado. Aliomba chumba cha mwisho katika nyumba za wafanyakazi, upande wa kuelekea Hirbadaw, kile ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya upepo. Mimi nilikuwa na likizo iliyobaki. Aliniambia, "Wewe nenda kwa mtoto. Umesoma." Nilijua hakusema kwa ubaya. Lakini nilikuwa nimelala katika nyumba ileile na kukunja nguo zilezile. Sikwenda.

Basi hapo ndipo watu walipomwona: mtu ametoka Kanada, mtoto wake yuko safari ya asubuhi moja tu kwa lori, na yeye amejifungia kwenye chumba cha bati, anakula na mkewe peke yao, amevaa koti la manyoya. Joakimu akawaambia alichowaambia. Meneja akaogopa, akauliza kama tunavunja sheria ya serikali. Felician akamwambia, "Sheria inakataza watu wanitenge. Haijanikataza mimi kukaa chumbani kwangu." Kazi zake zilikwenda kama saa, wakamwacha.

Habari zikamfikia mama mkwe wangu. Alishuka na lori la viazi, pamoja na Efrazia. Hakuja mlangoni. Alisimama ng'ambo ya mtaro wa maji ya mvua, mtoto amemshika mkono, na kibuyu cha maziwa ubavuni. Tulitoka tukasimama upande wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanasema umechanganyikiwa."

"Sijachanganyikiwa."

"Nani amekufa?"

"Mtoto wa mama aliyetulaza. Kijana. Ngano ilimfunika."

"Huyo mama ana wengine?"

"Hana."

Efrazia alikuwa amekua, amepoteza meno mawili ya mbele, na alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Nilishika nguo yangu kwa mikono yote miwili nisivuke mtaro. Naweza kusema sasa kwamba katika safari yote ile, baridi na ndege na aibu, sikufanya kazi ngumu kama hiyo.

"Mwaka wake unakwisha lini?" mama akauliza.

"Juni. Katikati."

"Na huyo mama anajua kuwa mnamshikia msiba huku?"

"Anajua."

"Basi kaeni," akasema. "Nitakuja." Akaweka kibuyu ukingoni mwa mtaro, akarudi nyuma hatua kadhaa, akamngoja mwanawe akichukue. Wakati anaondoka akageuka, akasema kwa sauti ambayo mafundi wote karakanani waliisikia: "Hujarudishwa. Umekaa tu njiani."

Juni alikuja kama alivyosema, safari hii na mashemeji zangu wawili na mtungi wa pombe ya asali. Tulikuwa tumeoga tangu alfajiri. Hakusimama ng'ambo. Alivuka mtaro akinyanyua gauni, akaja hadi kwa mwanawe, na kabla hajamsalimu akamvua lile koti, akalipima uzito mikononi.

"Zito," akasema. "Alikuwa mkubwa."

"Kama mimi, mama."

Efrazia alikuwa amekwisha kunipanda mgongoni, ananikaba shingo, ananiuliza kwa nini nanuka sabuni. Mama Kornelia akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa zile punje za ngano, akazitazama kiganjani. Felician akapiga hatua kana kwamba atamzuia, kisha akasimama.

Mama akazirusha uani. Kuku wa jirani wakazikimbilia, wakazimaliza.

"Haya," akasema. "Twendeni tukale."